Mlinzi wa Bure Anayesubiri Bando



Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya kidato cha nne, aghalabu mwezi Januari, maduka ya stesheneri ya Makambako hayana pa kuweka mguu. Njombe mjini ni hivyo hivyo. Mzazi anakuja na namba ya mtihani ya mwanawe imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, kijana wa dukani anakaa kwenye kompyuta, na baada ya dakika chache yanasikika vigelegele, au pengine kimya. Lakini mara nyingi kijana huyo haendi moja kwa moja necta.go.tz, ambayo ndiyo anwani ya Baraza. Anaandika neno "matokeo", naye huletewa tovuti kumi au ishirini, zote zikidai kuwa nayo. Nyingine zinayo kweli. Nyingine zina matangazo ya kamari tu. Na nyingine zinakutaka kwanza upakue programu fulani ndipo uone.

Ni hivyo hivyo kwa mwombaji wa kazi anayeitafuta tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, kwa mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, na kwa mfanyabiashara anayetafuta namba ya mlipakodi. Mambo mengi ya nchi yamehamia kwenye mtandao, na mlango wa kuyafikia ni ile programu inayoitwa kivinjari. Wengi wanaijua kwa majina ya Chrome, Opera Mini, Firefox au Edge. Na ndani ya mlango huo yumo mlinzi ambaye wengi wetu hatujui kuwa tunaye. Leo nataka kuzungumza juu ya mlinzi huyo, na juu ya sababu inayomfanya awe macho Dar es Salaam na alale usingizi Makambako.

Neno lenyewe kivinjari, kwa wale wanaopenda lugha, ni zuri kuliko tunavyodhani. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huku kwa uangalifu, kama chombo kinachozunguka baharini kuchunguza. Kwa hiyo waliotupa neno hili walikwisha kututahadharisha.

Vivinjari vya kwanza havikuwa na ulinzi wa namna hii. Tim Berners-Lee alitengeneza cha kwanza mwaka 1990 huko Geneva, kwa ajili ya wanasayansi waliokuwa wakisomeana karatasi zao. Mwaka 1993 kikaja Mosaic cha Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1994 Netscape. Ilikuwa milango isiyo na komeo, kwa sababu wageni walikuwa wachache na wengi walijuana. Sisi huku, kama mnavyokumbuka, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hiyo nayo ilikuwa kinga kamili dhidi ya virusi, ingawa sidhani kama ndilo lililokuwa lengo.

Mabadiliko yalikuja pale wezi walipogundua kwamba si lazima wakuletee kirusi. Inatosha kukuvuta wewe uende kilipo. Mwezi Oktoba 2006 Firefox toleo la 2 na Internet Explorer toleo la 7 vikaanza kuwaonya watu kuhusu kurasa za ulaghai, yaani zile zinazojifanya benki au kampuni fulani ili mtu atoe siri zake. Mwezi Juni 2008 Firefox toleo la 3 likaongeza onyo kwa kurasa zinazopenyeza programu hasidi. Septemba mwaka huo huo Google wakatoa Chrome. Tangu hapo kivinjari kisicho na mlinzi ndani yake kimekuwa kitu cha ajabu, kama gari lisilo na breki ya mkono.

Mlinzi huyu anafanyaje kazi? Ninyi mnaosafiri njia kuu ya Tanzania na Zambia mnaijua mizani ya Makambako. Lori halipiti bila kupimwa, awe dereva wake ni mlokole au mlevi. Sasa fikirini kwamba pale mizani pana pia daftari la namba za magari yaliyoibwa. Kivinjari nacho kina daftari la namna hiyo: orodha ya anwani za tovuti zilizokwisha kukamatwa zikieneza uovu. Google wana orodha yao, na hiyo ndiyo inayotumiwa pia na Firefox na Safari. Microsoft wana yao kwa ajili ya Edge. Kila unapotaka kufungua ukurasa, kabla haujafunguka, anwani yake inalinganishwa na orodha. Ikiwemo, unaletewa ukurasa mwekundu mzima mzima unaokuambia urudi ulikotoka.

Kwa muda mrefu orodha hiyo ilikaa ndani ya kompyuta au simu yenyewe, ikipokea nyongeza kila baada ya nusu saa hivi. Mwezi Machi 2024 Google walitangaza kwamba Chrome kitakuwa kikiuliza papo kwa papo, kwa sababu waliona kuwa tovuti hasidi kwa wastani huishi chini ya dakika 10. Dakika 10, ndugu wasikilizaji! Mtu anajenga kibanda cha utapeli, anavua anaowavua, anakibomoa, kabla basi halijamaliza kupakia abiria stendi.

Kazi ya pili ya mlinzi haionekani, nayo ndiyo kubwa zaidi. Kivinjari cha kisasa hufungia kurasa katika vyumba, na chumba kimoja hakiruhusiwi kugusa faili zako wala kuchungulia kingine. Ukurasa ukija na vurugu, vurugu zinabaki mle mle. Lakini kuta hizo zimejengwa na binadamu, na kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta nyufa usiku na mchana. Ufa ukigunduliwa, mafundi huziba na kuwapelekea watumiaji kuta mpya. Huko ndiko kusasisha, au kama vijana wanavyosema, kuapdeti. Tangu Agosti 2023 Google wamekuwa wakitoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki. Na jambo ambalo watu hawalifikirii ni hili: kiraka kikishatolewa, wezi nao hukisoma, wakajua ufa ulikuwa wapi. Kwa hiyo aliyechelewa kusasisha yuko katika hatari kubwa zaidi baada ya kiraka kutoka kuliko kabla.

Hapo ndipo ninapofika Makambako.

Simu za Android, kwa jinsi zinavyotoka kiwandani, kwa kawaida hupangwa zisasishe programu zake zinapopata Wi-Fi, ili zisimmalizie mwenyewe bando. Aliyepanga hivyo alikuwa na nia njema. Alifikiri kwamba kila mtu hurudi nyumbani jioni, nyumbani kuna Wi-Fi, na simu itajihudumia wakati mwenyewe amelala. Lakini mama anayeuza viazi mviringo kando ya barabara ya kwenda Songea hana Wi-Fi nyumbani. Wala jirani yake hana. Simu yake inasubiri Wi-Fi mwaka huu, inasubiri na mwaka ujao. Mlinzi ameletewa silaha mpya, ziko mlangoni, lakini amri aliyopewa ni kutozipokea mpaka aje mgeni ambaye hatakuja kamwe.

Na akitaka kuzipokea kwa bando? Sasisho moja la kivinjari laweza kula makumi ya megabaiti. Mtu anayenunua bando la siku kwa sarafu za mwisho mfukoni hawezi kuzitumia kwa kitu ambacho hakioni wala hakisikii. Anataka kumpigia mwanawe aliyeko Mafinga, anataka kuona picha ya mzigo wa mbao. Simlaumu hata kidogo.

Mwezi uliopita nilipita katika maduka kadhaa ya stesheneri, Makambako na Njombe, nikawaomba wenyewe waniruhusu nitazame kompyuta zao. Nyingi ni za mitumba kutoka Ulaya, imara, zimefanya kazi miaka mingi. Lakini niliona zaidi ya moja ambayo bado inatumia Windows 7, na kivinjari chake cha Chrome kinasoma toleo namba 109. Namba hiyo ina maana yake. Ndilo toleo la mwisho ambalo Google walilitoa kwa Windows 7, mwanzoni mwa mwaka 2023, baada ya Microsoft kuitupa Windows 7 yenyewe tarehe 14 Januari 2020. Hata mwenye bando lisilokwisha hawezi kuisogeza kompyuta hiyo mbele. Kuta zake ni zile zile, na nyufa zote zilizogunduliwa tangu hapo ziko wazi. Wenye Windows 10 nao wajue kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuna jambo jingine nililiona huko, na kwangu ndilo lililo baya zaidi. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa na tarehe umeme unapokatika. Katika kompyuta zilizozeeka betri hiyo hufa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka 2009. Sasa tovuti salama huwa na cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama leseni ya udereva. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 inakiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inatoa onyo. Kwa tovuti ya Baraza la Mitihani, onyo. Kwa tovuti ya mamlaka ya mapato, onyo. Kwa benki, onyo. Kijana wa dukani, ambaye foleni inamsubiri, amejifunza njia: anabonyeza chini kwenye maandishi madogo, anabonyeza tena "endelea", na kazi inakwenda. Anafanya hivyo mara hamsini kwa siku.

Mbwa anayembwekea kila mpita njia, mwenye nyumba huacha kutoka nje. Siku mwizi akija kweli, mbwa atabweka, na mwenye nyumba atajifunika blanketi. Betri hiyo ya kompyuta, kwa jina CR2032, ni ya bei ndogo sana, na fundi anaibadilisha kwa dakika tano. Kwa kukosa betri hiyo tu, vijana wengi wamefundishwa kwamba maonyo ya kompyuta ni usumbufu.

Nilikuwepo siku moja katika duka mojawapo, Makambako, alipoingia mzee mmoja mkulima wa viazi pamoja na mama wa makamo, shemeji yake. Mzee alikuwa ametumiwa linki kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe ulisema serikali inasajili upya wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na atakayechelewa atakosa. Mnajua kwamba ruzuku ya mbolea ilirudi mwaka 2022 na kwamba usajili wake ni jambo la kweli, kwa hiyo chambo kilikuwa kimechaguliwa na mtu anayetujua. Simu ya mzee ilikuwa ya vitufe, ujumbe alioneshwa na mjukuu wake, akaandika anwani ile kwa mkono kwenye karatasi akaja nayo dukani ajaziwe.

Kijana aliandika anwani ile. Skrini nzima ikawa nyekundu, na maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Haina shida, mzee," kijana akajibu. "Hizi kompyuta ndivyo zilivyo." Akabonyeza pale pale anapobonyeza siku zote.

Ukurasa ukafunguka, una nembo ya taifa, umepangwa vizuri. Jina, akaandika. Kijiji, akaandika. Namba ya kitambulisho cha taifa, mzee akaitoa mfukoni. Namba ya simu ya pesa. Kisha namba ya siri ya simu ya pesa.

Mzee akamshika kijana mkono. "Namba ya siri ya nini, mjukuu wangu? Hiyo hata bibi yako nyumbani hajui. Mbolea inahitaji namba yangu ya siri?"

Wakacheka, kijana akafunga ukurasa. Yule mama hakucheka. Baadaye, nje, alinieleza kwamba linki hiyo hiyo alikwisha kuipata siku mbili kabla, kwenye simu yake mwenyewe, akajaza yote. Jioni ile ile fedha za magunia kumi na mawili ya viazi zilitoka. Nilimwomba nitazame kivinjari chake: kilikuwa cha mwaka 2019, kama kilivyokuja na simu. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana siku mbili kabla huenda ukurasa ule ulikuwa bado haujaorodheshwa na yeyote. Ninachosema ni kwamba katika visa hivi viwili, mlinzi mmoja alipiga kelele akanyamazishwa, na mwingine alikuwa amelala. Aliyeokoa alikuwa mzee asiyejua kompyuta lakini anayejua thamani ya siri.

Nilimshauri mama apige simu kwenye kampuni yake ya simu mara moja na aende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inautambua wizi wa namna hii, na polisi wanapaswa kupokea malalamiko yake. Hata hivyo, sheria hufuata nyayo za mwizi aliyekwisha kuondoka. Ndiyo maana nashikilia habari ya kivinjari, ambacho husimama mlangoni kabla.

Niseme neno juu ya maonyo ya uongo, kwa sababu matapeli wamegundua kwamba watu wanaogopa virusi, na sasa hofu hiyo wanaiuza. Umefungua ukurasa wa muziki au wa mpira, ghafla simu inatetemeka: "Simu yako ina virusi 13! Bonyeza hapa usafishe, zimebaki sekunde 60!" Huo si mlinzi. Huo ni ukurasa kama kurasa nyingine, umevaa sare ya mlinzi. Tofauti yake ni rahisi. Onyo la kweli la kivinjari halihesabu sekunde, halitaji idadi ya virusi, halikuombi upakue chochote, wala halitaki namba yako ya simu. Linakutaka jambo moja tu, urudi nyuma. Anayekuharakisha uingie mahali ni tapeli.

Vilevile kuna kurasa zinazokuomba ruhusa ya kukuletea taarifa. Watu wanabonyeza "ruhusu" ili kidirisha kiondoke, na kuanzia hapo simu inamwagiwa matangazo ya kamari na ya kutisha, hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Wengi hudhani simu imeingiwa na kirusi, wakampelekea fundi, fundi akaifuta yote na picha za harusi zikapotea. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa za tovuti, na kuondoa ile ruhusa. Hakuna haja ya fundi.

Sasa, je, wako wanaomfukuza mlinzi kwa makusudi? Wako, na ni wengi. Vijana wa Njombe, kama wa Nairobi na Lubumbashi, wanapenda ile WhatsApp iliyogeuzwa, inayokuwezesha kusoma ujumbe uliofutwa na kujificha usionekane uko mtandaoni. Haipatikani kwenye duka la Google, hupakuliwa pembeni, na kivinjari huonya kwamba faili ya namna hiyo yaweza kudhuru simu. Mtu anabonyeza "pakua hata hivyo". Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ya Urusi ilitangaza kwamba katika toleo moja la programu hizo, linaloitwa FMWhatsApp, wamekuta kirusi kiitwacho Triada, ambacho kinaweza kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Kwa Kiswahili cha stendi: vocha inaisha na hujui imekwenda wapi. Wengine hawapakui kabisa, hurushiana programu simu kwa simu ili kuokoa bando, na hapo kivinjari hakina hata nafasi ya kuonya. Tena ukikosa bando la kusasisha, utakosa pia la kupakua, utarushiwa na rafiki. Umaskini wa bando unamtoa mtu kwa mlinzi na kumpeleka mikononi mwa asiyemjua.

Lakini mlinzi huyu naye tusimkweze kupita kiasi. Anafanya kazi kwa kampuni kubwa za Marekani ambazo zina biashara zao, na wako watu makini wanaouliza zinajua nini juu yetu. Kirusi kinachoingia kwa flashi, kile kinachogeuza mafaili yote kuwa njia za mkato, hakipiti mlangoni kwake. WannaCry, iliyotikisa dunia mwezi Mei 2017, nayo ilitambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kupitia kivinjari. Na yule anayekuandikia "ile pesa tuma kwenye namba hii" anapita kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Huyo mripoti kwa kutuma namba yake kwenda 15040, ambayo ni namba iliyowekwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Wapenzi wa Opera Mini nao wajue kwamba ile hali yake ya kubana sana bando hupitisha kurasa kwenye mitambo ya kampuni hiyo kwanza na kuzifungua huko. Kwa kusoma habari za mpira ni sawa. Kwa mambo ya benki, zima hali hiyo au tumia kingine.

Baada ya kusema hayo, nirudi kwenye bando, maana hapo pana jambo linaloweza kufanyika na halifanyiki.

Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, ilishirikiana na Facebook katika mpango wa Internet.org, na wateja wake nchini wakapata kufungua Facebook pamoja na tovuti kadhaa bila kukatwa bando. Wakati ule ilisifiwa sana. Sina neno na Facebook. Lakini ikiwa mitambo ya kampuni za simu inaweza kutambua kwamba hii ni Facebook, isikate, basi inaweza pia kutambua kwamba hili ni sasisho la usalama la kivinjari, isikate. Nimeulizia kwa mafundi wawili wa mitandao, na wote wakaniambia kwamba shughuli yenyewe si ndogo, kwa kuwa masasisho hutoka kwenye mitambo ile ile inayotoa na michezo. Wakakubali hata hivyo kwamba si jambo lisilowezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kulidai.

Basi mimi nalidai. Kampuni za simu hupata faida kubwa kwa pesa zinazopita kwenye simu za wakulima wa Njombe, na zinatumia fedha nyingi kutangaza redioni kwamba wateja wasitoe namba zao za siri. Matangazo hayo ni mema, na baadhi yanasomwa katika redio nyingi mikoani. Lakini kumwambia mtu ajihadhari huku ukimtoza kwa kila kiraka cha mlango wake ni kama kumhimiza afunge nyumba na kumkodisha komeo kwa saa. TCRA, ambayo ndiyo inayosimamia masharti ya kampuni hizo, ina uwezo wa kukaa nazo na kukubaliana hata usiku mmoja kwa wiki ambapo masasisho ya usalama hayatakatwa bando. Saa nane za usiku mitambo haina kazi nyingi. Simu za Makambako ziko kwenye chaji. Usiku mmoja tu.

Wenye stesheneri nao, kabla ya serikali, waweke betri mpya na wasahihishe tarehe. Pia wabadilishe lugha. Simu za Android na kivinjari cha Chrome vina Kiswahili ndani, kinachaguliwa kwenye mipangilio. Yule mzee wa viazi aliuliza "inasemaje?", na lilikuwa swali la haki. Laiti skrini ile ingekuwa imemjibu kwa lugha yake, asingehitaji tafsiri ya kijana.

Nina barua ya msikilizaji wa Ludewa, anauliza kama anunue programu ya kuua virusi ambayo kijana mmoja anamuuzia kwa ajili ya simu yake. Ndugu yangu, kabla hujatoa hela, fanya hivi. Fungua lile duka la programu la Google lililomo kwenye simu, tafuta jina la kivinjari chako, na utazame kitufe kilichopo pembeni yake. Kama kitufe kinakwambia usasishe, chagua siku una bando la kutosha, au uwe mahali penye Wi-Fi, ukibonyeze. Kama kinasema "fungua", basi una toleo jipya kabisa ambalo simu yako inaweza kupokea. Lakini tazama pia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, namba ya Android. Ikiwa ni 9 au chini ya hapo, Chrome haikuletei tena matoleo mapya, na programu ya huyo kijana haitaziba pengo hilo. Kwa simu hiyo endelea kupiga na kusoma habari, na mambo yako ya fedha yafanye kwa menyu ya kawaida ya kampuni ya simu, ile ya nyota na namba, ambayo haipiti kwenye kivinjari.